Kaseti, kadi au labo? Kupima vitamini D ukiwa Lubumbashi

Kuna njia tatu za kujua kiasi cha vitamini D mwilini mwako ukiwa Lubumbashi, na ya nne ni kutopima kabisa. Hiyo ya nne naitaja mapema kwa sababu haina wa kuipigia debe: haina kisanduku wala risiti. Lakini katika ulinganisho huu ina haki sawa na nyingine, na kwa watu wengi ndiyo ninayoipendekeza.

Kaseti ni kile kipande cha plastiki kinachofanana na TDR, kile kipimo cha haraka cha malaria. Unachoma kidole, unaweka tone la damu na matone ya maji yaliyokuja nayo, unasubiri kama dakika kumi, unasoma mistari. Inauzwa kwenye intaneti, na mwenye ndugu Johannesburg au Brussels anaweza kuletewa moja ndani ya sanduku la nguo. Kadi ni karatasi nene yenye miduara: damu ya kidole inadondoshwa kwenye miduara, inaachwa ikauke, kisha inasafirishwa kwenda maabara ya mbali ambayo itakutumia majibu. Labo unaijua: unakaa kwenye kiti, wanafunga mkono, wanatoa damu ya mshipa.

Zote tatu zinatafuta kitu kimoja, yaani 25-hidroksi vitamini D, ambayo kwenye buletini, yaani karatasi ya majibu, huandikwa 25-OH. Hiyo ndiyo akiba. Inachukua wiki mbili hadi tatu kupungua nusu, kwa hiyo inaonyesha hali ya miezi, si jua la jana. Ukiona kwenye karatasi imeandikwa 1,25 dihidroksi, ujue umelipia kipimo kingine. Hiyo hupungua nusu ndani ya saa chache tu, na inaweza kuonekana nzuri kabisa kwa mtu ambaye akiba yake imekauka.

Mstari wa kaseti husomwa kinyume

Mazoea ya malaria yanaweza kutuponza hapa. Kwenye TDR, mstari wa pili ukitokea maana yake kinachotafutwa kimepatikana. Kwenye kaseti nyingi za vitamini D mambo yamegeuzwa. Vitamini ni molekuli ndogo mno, haina nafasi ya kushikwa na kingamwili mbili (protini zinazonasa kitu kimoja maalum) kwa pamoja kama protini ya vimelea vya malaria inavyoshikwa. Kwa hiyo mtengenezaji anaandaa mashindano. Kwenye utepe amebandika vitamini yake mwenyewe, na njiani ameweka kingamwili zilizobebeshwa chembe za dhahabu, zile zinazotoa rangi nyekundu. Vitamini ya damu yako ikiwa nyingi, inazishika kingamwili kabla hazijafika, na mstari wa T, ule wa kipimo chenyewe, unabaki hafifu. Ikiwa kidogo, kingamwili zinafika zikiwa huru, zinanasa kwenye utepe, na mstari unakolea. Uliokolea ndio upungufu. Asiyesoma maelezo atauona mstari mwekundu umesimama vizuri na kudhani vitamini ipo tele.

Ule mstari mwingine, wa C, unasema tu kwamba maji yalipita hadi mwisho. Hauthibitishi kwamba jibu ni la kweli.

Kisha unachukua ule mstari na kuulinganisha na kadi ndogo ya rangi. Kaseti nyingi zina mafungu matatu: chini ya 10 ng/ml (nanogramu kwa mililita) wanaita upungufu, kati ya 10 na 30 wanaita haitoshi, juu ya 30 wanaita inatosha. Tatizo langu kubwa na kaseti liko kwenye fungu la katikati. Wachukue watu wawili, mmoja ana 12 na mwenzake ana 28. Taasisi ya Tiba ya Marekani, ilipoweka viwango vyake mwaka 2011, ilisema chini ya 12 kuna hatari ya upungufu, na kuanzia 20 watu karibu wote wanatosheka. Kwa hesabu hiyo huyu wa 12 yuko ukingoni na huyu wa 28 hana shida yoyote. Kaseti inawaonyesha rangi ileile na kuwapa neno lilelile: haitoshi.

Na hilo fungu lina watu wengi. Mwaka 2020 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti za Afrika nzima. Waliokuwa chini ya 12 ng/ml walikuwa kama 18 kwa kila 100. Chini ya 20 walikuwa 34. Chini ya 30 walikuwa karibu 60. Soma namba hizo tena ukifikiria muuzaji ambaye kando ya kaseti amepanga na chupa za vidonge. Ukichora mpaka kwenye 30, sita kati ya wateja wako kumi watatoka wakiwa na kasoro ya kurekebishwa. Simtuhumu mtu, nasema mpaka umewekwa mahali panapofaa biashara.

Kuna ugumu mwingine ambao hauonekani. Vitamini D haielei peke yake kwenye damu, karibu yote imeshikiliwa na protini inayoibeba. Ili kuipima ni lazima kwanza uiachanishe na mbebaji wake. Mashine za labo zina dawa za kufanya hivyo kwa muda uliopangwa na kwa joto lililodhibitiwa. Kaseti ina matone machache ya maji na dakika chache juu ya meza yako.

Mambo ya nyumbani nayo yanahesabika. Rangi isomwe kwa mwanga wa mchana, si kwa tochi ya simu wala taa ya njano. SNEL wakikata umeme, subiri asubuhi ndipo uanze. Dakika zilizoandikwa ni sheria: mstari unaendelea kukolea baada ya muda, na ukisahau ukarudi baada ya nusu saa utasoma upungufu ambao huna. Kisanduku kwa kawaida kinataka joto kati ya nyuzi 2 na 30. Mzigo uliokaa ndani ya lori kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa katika joto la mwezi wa Oktoba umepita hapo, hata kama tarehe ya kuisha bado iko mbali.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kulipa: alama ya CE. Huko Ulaya, kipimo cha kutumiwa na mtu wa kawaida nyumbani lazima kikaguliwe na shirika la nje, na namba ya shirika hilo, yenye tarakimu nne, huandikwa kando ya CE. CE ikiwa peke yake, kile kisanduku hakikupitishwa kwa ajili ya kujipima. Alama inaweza kughushiwa, najua, lakini visanduku vingi havijisumbui hata kughushi.

Kadi: jibu zuri, barabara mbaya

Kwa upande wa jibu lenyewe, kadi inaishinda kaseti mbali sana. Maabara zinazopokea kadi mara nyingi hutumia spektrometria ya masi, mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake, ambayo ndiyo njia inayoheshimiwa zaidi kwa vitamini D, nawe unapata namba kamili badala ya rangi. Damu ikishakauka vizuri haihitaji friji, na vitamini hii inavumilia safari.

Ila kampuni hizi zimejengwa juu ya posta ya nchi zao. Bahasha iliyokwisha lipiwa stempu ya Uingereza haina kazi kwenye avenue ya hapa. Ukituma kwa DHL, usafirishaji unaweza kula pesa kuliko kipimo, na kampuni nyingine hukataa kabisa damu iliyotoka nje ya nchi yao. Waandikie kabla ya kununua. Kadi inamfaa zaidi ndugu aliyeko Ulaya, au mtu wa hapa anayesafiri na atakayejipima akiwa kule.

Kuna pia jambo la upungufu wa damu. Vitamini D iko kwenye majimaji ya damu, haiko ndani ya chembe nyekundu. Maabara inayopima damu nzima iliyokauka inapaswa kukisia majimaji ni kiasi gani, na inakisia kwa mtu mwenye damu ya kawaida. Mtoto wa drepano, yaani SS au selimundu, au mama mjamzito aliyepungukiwa damu, hayuko kwenye makisio hayo. Namba yake inaweza kupinda, na hakuna kitu kwenye karatasi kitakachomwambia. Hao ndio watu tulio nao wengi hapa.

Labo

Damu ya mshipa, namba kamili, na mtu wa kumuuliza. Mashine kama VIDAS ya bioMérieux au Cobas ya Roche zina kipimo cha vitamini D, lakini kuwa na mashine si kuwa na dawa zake kwenye stoo. Labo nyingine hutoa damu hapa na kuituma nje. Hakuna ubaya, mradi uambiwe. Swali la kuuliza kaunta ni fupi: "Mama, munapima hapa ao munatuma inje?" Wakituma, uliza jibu linarudi baada ya siku ngapi, na bei uliyotajiwa ni ya yote au kuna ya usafiri itakayoongezwa. Waambie wakuandikie kama ni dola au faranga, na kwa kiwango kipi.

Labo haijakamilika pia. Mashine mbili tofauti zinaweza kutoa namba mbili tofauti kwa damu ileile. Ndiyo maana tangu 1989 kuna mpango wa Uingereza uitwao DEQAS unaozipelekea maabara za nchi nyingi sampuli zilezile ili zilinganishwe. Anayekunywa biotini nyingi kwa ajili ya nywele na kucha aseme, kwa sababu baadhi ya mashine hudanganywa nayo. Na ukirudia kipimo, rudia kwenye labo ileile.

Lakini faida ya labo inayoniamulia ni nyingine. Kwenye chupa ileile ya damu munganga, yaani daktari, anaweza kuomba kalisiamu, fosfeti, alkalini fosfatasi (kimeng'enya cha mifupa na ini) na kazi ya figo. Chukua mtoto mwenye miguu iliyopinda. Kichwani mwetu matege ni vitamini D, basi. Nchini Nigeria, ambako jua halikosekani, watafiti walitibu watoto wenye matege na kuchapisha matokeo mwaka 1999: waliopewa kalisiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D tupu. Shida kubwa ilikuwa chakula chenye kalisiamu kidogo. Sahani ya bukari (ugali) na mboga, bila maziwa wala ndakala, wale samaki wadogo wa kutafunwa na mifupa yao, si ngeni kwetu. Mtoto wa namna hiyo anaweza kupimwa na kaseti ikasema yuko sawa, na mzazi akaenda nyumbani ametulia huku mifupa inaendelea kupinda.

Vipimio viwili vya namba moja

Neno moja kuhusu karatasi. Labo zenye desturi ya Ufaransa na Ubelgiji mara nyingi huandika ng/ml; za Uingereza huandika nmol/l. Zidisha ng/ml kwa 2.5 upate nmol/l. Kwa hiyo 20 ya kwanza ni sawa na 50 ya pili. Mtu mwenye 28 nmol/l akiisoma kama ng/ml atajiona mzima, kumbe ana 11. Mambo haya hutokea hasa majibu yanapotoka nje, au mgonjwa anapotoka Ndola, Zambia, na majibu yake mkononi.

Na mipaka yenyewe inabishaniwa na wakubwa. Jumuiya ya Endokrinolojia ya Marekani ndiyo iliyoeneza ile 30 mwaka 2011. Mwaka 2024, katika mwongozo wake mpya, iliacha kuiunga mkono, na ikashauri watu wazima wenye afya wasipimwe kwa mazoea. Kaseti nyingi bado zina 30 kwenye kadi ya rangi.

Kutopima

Ufaransa, ambako waganga wetu wengi wanachota miongozo yao, mamlaka ya juu ya afya ilisema tangu Oktoba 2013 kwamba kipimo hiki kina maana katika hali chache tu: matege, mifupa laini ya watu wazima, waliopandikizwa figo, waliopasuliwa kwa ajili ya unene, wazee wanaoangukaanguka, na dawa chache ambazo zinataka kipimo kwa maagizo yake. Uchovu haumo.

Nautaja uchovu kwa sababu ndio unaowapeleka watu kwenye kaseti. Hapa kwetu uchovu una milango mingi ya kupita kabla ya vitamini D: malaria, upungufu wa damu, sukari, tezi, mimba, usingizi wa zamu. Pesa ya kaseti ingelipa kipimo cha damu cha kawaida, na hicho mara nyingi kitakuambia kitu cha kufanya kesho.

Lubumbashi iko kama nyuzi 11 na nusu kusini mwa ikweta. Jua la hapa lina miale ya kutosha ya kutengeneza vitamini mwaka mzima, hata Juni asubuhi kukiwa na baridi ya kuvaa koti, mradi usubiri saa ambazo kivuli chako ni kifupi kuliko wewe. Ngozi nyeusi inahitaji muda zaidi kuliko nyeupe. Kioo kinazuia miale hiyo, kwa hiyo dereva wa taksi au mfanyakazi wa benki aliyeketi dirishani anapata joto tu. Ule uchambuzi wa 2020 uliona pia kwamba watu wa mijini wana kidogo kuliko wa vijijini, na wanawake kidogo kuliko wanaume.

Kama unataka kujiongezea bila kupima, kiwango cha kila siku kwa mtu wa umri wa mwaka 1 hadi 70 ni uniti 600 za kimataifa (UI), na mtu mzima asipite 4,000 kwa siku bila munganga. Mtoto mchanga anayenyonya ni uniti 400 kwa siku, na hapo hakuna haja ya kumchoma kidole kabisa: maziwa ya mama yana vitamini D kidogo hata mama akiwa mzima. Ila tazama chupa. Januari 2021 mamlaka za Ufaransa zilitoa onyo baada ya watoto wachanga kuzidishiwa kwa matone yaliyonunuliwa kwenye intaneti, ambayo tone moja lilikuwa na uniti 10,000. Soma "kwa tone" na si "kwa chupa", na chukua dawa ya farmasi badala ya kirutubisho cha mtandaoni. Mtoto aliyezidishiwa hutapika, anakunywa maji sana, anakojoa sana, anakataa kula.

Nani achague nini

Mtu mzima mwenye afya anayetembea nje: asipime. Mtoto mchanga: matone, bila kipimo. Mjamzito: mwongozo ule wa 2024 unakubali kuongezewa bila kupimwa, azungumze na anayemfuatilia.

Mwenye maumivu ya mifupa, udhaifu wa mapaja wakati wa kupanda ngazi, mtoto wa miguu iliyopinda: labo moja kwa moja, na kalisiamu pamoja. Hapo kaseti ni kuchelewesha.

Anayetumia dawa za kifafa kama fenobabitali au fenitoini, anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini, mwenye ugonjwa wa figo au ini, mtoto wa SS: labo, kwa agizo la munganga, kwa sababu jibu litabadilisha dozi na dozi inataka namba. Dawa hizo zinaunguza vitamini haraka kuliko kawaida.

Mchimbaji anayeshuka chini kule Kipushi kwa zamu za mchana, au mlinzi anayekesha na kulala hadi saa kumi: hawa nawaweka kati. Wanaweza kunywa uniti 600 hadi 1,000 bila kupima. Kama kazini kuna zahanati ya kampuni, waombe kipimo cha labo kwenye uchunguzi wa mwaka.

Basi kaseti ni ya nani? Nafasi yake ni nyembamba: mtu mwenye sababu halisi ya kuogopa upungufu, anayeishi mbali na labo yoyote inayopima, ambaye akiona mstari umekolea kabisa atapanga safari ya kwenda mjini. Kwa huyo inafanya kazi ya kuchuja. Fungu la katikati alichukulie kama hakupata jibu.

Kama tayari unayo mezani, itumie vizuri. Kagua tarehe na CE, soma maelezo mara mbili hasa mahali pa mstari wa T, jipime mchana karibu na dirisha, piga picha dakika ileile iliyoandikwa, ukiweka kadi ya rangi kando. Andika dawa zote unazokunywa, pamoja na vidonge vya nywele. Peleka picha na orodha hiyo, kisha kaseti yenyewe itupe. Ukianza dozi kwa ushauri wa munganga, kipimo cha kufuatilia kisifanywe kabla ya miezi mitatu, nacho kifanyike labo.